Tawi la chama cha wafanyakazi kazini kwenu: namna ya kulijenga, kwa walioajiriwa Dar es Salaam

Mara ya kwanza tulishindwa. Kilikuwa kiwanda cha vifungashio pembezoni mwa Barabara ya Nyerere, wafanyakazi kama 160, zamu mbili, geti moja. Ovataimu ya Desemba haikulipwa, watu wakawaka. Ndani ya wiki moja tulikuwa na fomu 31 za kujiunga na chama, na bila kungoja tukapeleka barua ofisini. Mwezi uliofuata watu 14 walijitoa kwa barua zinazofanana neno kwa neno. Wenzetu wawili waliokuwa wakisema kwa sauti walihamishiwa zamu ya usiku, mmoja wao akiwa na mtoto anayenyonya. Mwaka mzima hakuna aliyefungua mdomo tena.

Mara ya pili tulianza upya, na kwa miezi 7 ofisi haikuona karatasi yoyote. Barua ilipofika mezani kwa meneja, tulikuwa 104. Tawi lile lipo mpaka leo.

Sheria ilikuwa ile ile mara zote mbili, na mwajiri yule yule. Kilichobadilika ni kazi iliyofanyika kabla ya barua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ninayoeleza hapa inahusu siku ambazo mwajiri bado hajui kitu. Nawaandikia hasa walio sekta binafsi: viwandani, hotelini, kwenye maghala ya Kurasini, maduka makubwa, kampuni za ulinzi. Watumishi wa umma wana taratibu zao za ziada ambazo sitaziingilia.

Kwa nini mtu mmoja hatoshi

Kazini kuna madai ya aina mbili, na ukiyachanganya utapoteza muda mwingi.

Aina ya kwanza ni haki ambayo sheria imekwisha kukupa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na zisizozidi 9 kwa siku. Ovataimu inalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28, na mama aliyejifungua anapata siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukinyimwa kimojawapo, hata ukiwa peke yako unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ukafungua shauri bila kulipa ada.

Aina ya pili ni maslahi: mshahara unaozidi kima cha chini, gari la kuwafikisha wa zamu ya usiku Mbagala na Gongo la Mboto, chakula cha mchana, rambirambi ya msiba, na utaratibu wa kupandisha watu vyeo usiotegemea nani anaelewana na supavaiza. Sheria haikulazimisha haya, kwa hiyo huwezi kumshitaki mtu kwa kutokukupa. Yanapatikana kwa kukaa mezani na kukubaliana. Mfanyakazi mmoja akiomba kukaa mezani anasikilizwa kwa heshima, anarudi kwenye mashine yake, na hakuna kinachobadilika. Chama chenye wengi ni jambo jingine: mwajiri analazimika kisheria kujadiliana nacho kwa nia njema, na kukipa taarifa zinazohitajika ili majadiliano hayo yawe na maana. Neno "analazimika" ndilo linaloipa fomu yako thamani.

Hata kwenye aina ya kwanza, kwenda peke yako kuna gharama. Nimeona mtu akishinda dai lake CMA, akalipwa, na wenzake waliokuwa na dai lile lile wasipate hata shilingi kwa kuwa hawakuthubutu kwenda. Mwajiri alilipa mtu mmoja, mchezo ukaendelea.

Kuhusu kufukuzwa

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na linastahili jibu kamili kabla ya hatua yoyote.

Ibara ya 20 ya Katiba inalinda uhuru wa kujumuika. Tanzania imeridhia mikataba miwili mikuu ya Shirika la Kazi Duniani inayohusu jambo hili, namba 98 mwaka 1962 na namba 87 mwaka 2000. Lakini kinachokufaa zaidi ukiwa getini ni vifungu viwili vya sheria ya 2004. Kifungu cha 9 kinampa kila mwajiriwa haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali, na kinakataza kumbagua mtu kwa sababu hiyo. Kifungu cha 37 kinasema uanachama, au kushiriki shughuli halali za chama, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi.

"Mimi ni kibarua tu, hainihusu." Inakuhusu. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inasema mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa ikiwa kuna hata dalili moja kati ya kadhaa ilizozitaja: kwamba namna unavyofanya kazi au saa zako zinaongozwa na mwenye kazi, kwamba umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, kwamba vifaa vya kazi ni vyake, au kwamba kipato chako kinamtegemea yeye. Jina walilokuita kwenye karatasi haliondoi ukweli huo. Yule ambaye kila siku anaitwa deiwaka na amefika mwaka wa pili, mwingizeni kwenye hesabu.

Supavaiza naye anaweza kujiunga. Anayezuiwa kuwa kwenye chama cha wafanyakazi wa kawaida ni mtu wa menejimenti ya juu, yaani anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini makubaliano na chama. Msimamizi wa mstari wa kufungasha hayuko huko, hata kama anabeba redio kiunoni.

Hata hivyo nisiwadanganye. Sheria haimzuii mtu kutafuta kisingizio. Kwa hiyo walio mbele wawe watu wasio na la kushikwa: wanafika kwa wakati, hawana barua za onyo, hawagombani na walinzi. Kila mmoja awe na daftari lake dogo nyumbani, aandike tarehe, saa, nani alisema nini, mbele ya nani. Mtu akiachishwa, ana siku 30 tu za kufungua shauri CMA kwa fomu inayoitwa CMA F1. Migogoro mingine ina siku 60. Nimeshuhudia wanaume wazima wakikosa haki iliyo wazi kwa sababu walikaa nyumbani wiki 6 wakingoja kuitwa kwa simu.

Hatua ya 1: Chora kiwanda chote kwenye karatasi

Nunua kaunta buku. Andika kila idara, kila zamu, na jina la kila mtu unayemfahamu. Walioajiriwa moja kwa moja wawe upande wao, na walioletwa na wakala upande wao. Hili la wakala ni zito hapa Dar siku hizi: mnafanya kazi bega kwa bega kwenye mashine moja, kumbe mwenzako mwajiri wake ni kampuni nyingine kabisa. Soma mkataba wake uone jina lililoandikwa juu, maana taarifa za chama zitaelekezwa kwa mwenye jina hilo. Kuna tawi moja nililijua lililopoteza miezi kadhaa kwa kudai kutambuliwa na kampuni ambayo kisheria haikuwa imewaajiri nusu ya wanachama wake.

Kisha jiulize: katika kila idara, nani watu humfuata wakiwa na shida? Mara nyingi siye anayeongea sana. Kwetu alikuwa mama mmoja wa upande wa kufungasha, mweka hazina wa mchezo wa upatu kwa miaka mingi, ambaye hajawahi kupoteza hata elfu moja ya mtu. Mara ya kwanza hatukumfuata kwa sababu alionekana mkimya. Mara ya pili alipokubali, idara nzima ilimfuata ndani ya wiki 3.

Daftari hilo lisiingie kazini hata siku moja.

Hatua ya 2: Zungumza na mtu mmoja mmoja

Hapa ndipo tawi linapojengwa, na hapa ndipo wengi huruka kwa haraka ya kukusanya saini. Usianze na kundi la WhatsApp. Ujumbe mmoja ukinaswa kwenye picha ya skrini, saa hiyo hiyo uko kwenye simu ya meneja, na waliokuwa na wasiwasi wanapata sababu ya kurudi nyuma. Usifanye mkutano wa watu 40 kabla hujawasikia hao 40 mmoja mmoja. Kituo cha daladala baada ya zamu, kwa mama ntilie, kwenye msiba, nyumbani kwa mtu Jumapili: hizo ndizo sehemu zetu.

Nenda ukasikilize. Hotuba yako kuhusu umoja haina kazi kwa mtu ambaye hujamuuliza anaumia wapi. Mimi nilikuwa nikianza hivi, kwa mfano na mama wa umri wa mama yangu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, leo umetoka saa ngapi? Nimekuona geti limefungwa bado uko ndani."

Akianza kueleza, nyamaza. Atakwambia mwenyewe kwamba ametoka saa nne usiku, kwamba amelipa bodaboda 4,000 kutoka kituoni kwa sababu magari yalikuwa yamekwisha, kwamba mara ya mwisho alipolalamika aliambiwa wapo wengi nje wanaoitaka kazi hiyo. Ukimsikia, muulize: "Na wenzako wa kule wanasemaje?" Swali hilo linamfanya ajue kwamba hayuko peke yake. La mwisho ni hili: "Tukisimama wengi, mama utasimama nasi?" Kisha umngoje ajibu, hata akichukua dakika nzima.

Usimwahidi kitu. Usiseme mishahara itapanda, kwa sababu hujui. Mwambie ukweli: tutapata nguvu ya kukaa mezani, na tutakachokipata kitategemea tuko wangapi na tumeshikana kiasi gani. Mwambie pia mapema yale ambayo ofisi itayasema, kabla ofisi haijayasema. Watasema chama kinataka hela zenu tu. Watasema sisi hapa ni familia. Watasema kampuni itafungwa, ihamie Kibaha. Mtu aliyekwisha kusikia maneno hayo kutoka kwako hatashtuka akiyasikia kwa meneja.

Wazee watakuletea hoja nyingine ambayo vijana hawaijui: "Chama ni cha serikali, baba yangu alikatwa miaka yote hakuona kitu." Usimbishie, ana historia upande wake. Makuli wa bandari yetu waligoma mwaka 1947 na mgomo ukasambaa hadi mikoa ya ndani. Mwaka 1955 vyama vikaunda shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa mwanzo. Lakini mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa, kikabaki chama kimoja, NUTA, chini ya mbawa za TANU. Mwaka 1978 ikawa JUWATA, jumuiya ya CCM. Mzee aliyefanya kazi viwanda vya Chang'ombe enzi hizo anakumbuka makato, hakumbuki kuulizwa. Mjibu kwamba sheria ya sasa inataka chama kiwe huru, kisimilikiwe na mwajiri yeyote, na kwamba makato hayaanzi mpaka yeye mwenyewe asaini, na akitaka kujitoa anaandika notisi ya mwezi mmoja. Kisha mwombe awaeleze vijana yaliyotokea zamani. Watu wa namna hiyo wakikubali, hawarudi nyuma.

Kila ukimaliza mazungumzo, weka alama kwenye kaunta buku: yuko nasi kabisa, anafikiri, anaogopa, hataki. Wasiotaka waacheni kwa heshima zao. Kumsukuma mtu ni kumpa sababu ya kwenda ofisini.

Hatua ya 3: Chagueni chama

Sheria inaruhusu waajiriwa wasiopungua 20 kukutana na kuanzisha chama chao kipya, kikiwa na katiba, jina lisilofanana na la kingine na anwani nchini, kisha kiombe usajili kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi ndani ya miezi 6. Inawezekana. Kwa maoni yangu, kwa kiwanda kimoja haifai: mtahangaika na ukaguzi wa hesabu na taarifa za kila mwaka wakati mnahitaji mwanasheria wiki hii.

Njia ya kawaida ni kufungua tawi la chama kilichokwisha kusajiliwa kwa sekta yenu. Viwanda, biashara na taasisi za fedha wengi wako TUICO. Hoteli na kazi za majumbani ni CHODAWU. Usafirishaji na mawasiliano kuna COTWU, bandarini kuna DOWUTA, ujenzi na migodi TAMICO, walinzi wa kampuni binafsi TUPSE. Msipojua mko wapi, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, litawaelekeza. Sekta moja inaweza kuwa na vyama zaidi ya kimoja, na mna haki ya kulinganisha.

Nendeni watu 3 au 4 mkaonane na katibu wa mkoa au wa kanda, mkiwa na maswali. Ada ni kiasi gani? Kiwango kilichozoeleka ni kama asilimia 2 ya mshahara, yaani 8,000 kwa anayepata 400,000. Sehemu gani ya fedha hiyo inarudi kwenye tawi, na kwa njia gani? Mna mikataba ya hali bora (makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri kuhusu maslahi) mingapi iliyo hai kwenye viwanda kama chetu, na tunaweza kuona mmoja? Mtu wetu akiitwa kwenye kikao cha nidhamu kesho, nani anakuja? Akijibu kwa kuwaonyesha mkataba halisi wenye saini, kaeni. Akijibu kwa hotuba ya Mei Mosi, ulizeni kwingine.

Hatua ya 4: Fomu

Fomu ya kujiunga na kuruhusu makato ni TUF 6. Kila mtu aijaze mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na mshahara na namba yake ya kazi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Fomu zitunzwe mahali pamoja, nje ya kazi, na mtu mmoja ambaye wote mmemkubali, na mpige nakala.

Msizipeleke. Ngojeni.

Mngoje mpaka lini? Piga hesabu ya wingi. Ili chama kitambuliwe kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi, sheria inataka kiwe na zaidi ya nusu ya waajiriwa wa kundi husika. Sisi tulikuwa 160. Tukiwatoa watu 8 wa menejimenti ya juu, tulibaki 152, na zaidi ya nusu ni 77. Tulikataa kusimama kwenye 77. Kuna watakaojitoa wakitishwa, kuna watakaoacha kazi, kuna fomu zitakazokataliwa kwa jina kukosewa herufi. Tulisema hatuendi tukiwa chini ya 100, na kila idara, kila zamu, iwe na watu wake. Chama chenye watu 90 wote wa zamu ya mchana ni rahisi kukivunja.

Hatua ya 5: Barua inaingia

Kuanzia hapa mnaongozana na ofisa wa chama, na karatasi zote zinatoka kwa chama. Sheria inakipa chama kilichosajiliwa haki ya kuingia eneo la mwajiri kuandikisha wanachama, kuzungumza nao na kufanya mikutano, kwa utaratibu unaofaa usiovuruga kazi. Mahali penye wanachama 10 au zaidi panaweza kuwa na tawi. Chama kinampa mwajiri taarifa kwenye fomu maalumu kwamba kinataka kutumia haki hizi, naye ana siku 30 za kukutana nacho ili waandikiane makubaliano. Akikaa kimya au akikataa, mgogoro unakwenda CMA kwa usuluhishi, na ukishindikana hapo unakwenda Mahakama ya Kazi.

Jambo dogo lililotuokoa: kila barua iwe na nakala mbili, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au isainiwe kwenye daftari la dispachi. Siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo. Mkiambiwa "iacheni tu hapo mezani", msiiache.

Fomu za TUF 6 zikifika, mwajiri anaanza kukata ada, na anapaswa kuipeleka kwenye chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa makato kuisha, pamoja na orodha ya majina. Akichelewesha bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Watu wengi hawajui kifungu hiki, na ni kizito.

Wiki hizo za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Wataita mtu mmoja mmoja. Kubalianeni mapema jibu moja la adabu: "Bosi, hilo tumelikabidhi kwa chama, naomba uongee nao." Na jioni ile ile aliyeitwa apigiwe simu na mwenzake, aulizwe anajisikiaje moyoni. Mara ya kwanza hatukufanya hivyo, na ndiyo sababu watu 14 walisaini barua za kujitoa wakiwa peke yao chumbani na meneja.

Hatua ya 6: Viongozi wa tawi

Idadi ya wawakilishi imewekwa na sheria: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na tano wakizidi 100. Mkizidi 100, angalau 5 kati yao wawe wa kuwawakilisha wanachama wanawake, kama wapo. Wanachaguliwa kwa kura, kwa kufuata katiba ya chama.

Kazi yao kubwa ya kila siku ni kumsindikiza mwanachama kwenye malalamiko na vikao vya nidhamu. Kikao cha nidhamu kinatakiwa kutanguliwa na taarifa isiyopungua saa 48, na mtuhumiwa anaweza kuwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Wawakilishi pia wanafuatilia kama sheria za kazi zinatekelezwa, wanazungumzia usalama na afya, na wanapewa muda wenye malipo kufanya kazi hizo.

Mchague nani? Anayeandika. Nasema hivi nikijua kwamba watu hupenda kumchagua anayejua kufoka. Mwenye sauti mpeni uenyekiti mkitaka, lakini katibu awe mtu wa daftari, anayejua tarehe ya kila kikao na mahali kila muhtasari ulipo.

Hatua ya 7: Kutambuliwa, kisha mkataba wa hali bora

Mkiwa na wingi, chama kinampa mwajiri taarifa nyingine ya kutaka kitambuliwe kuwa msemaji pekee. Utaratibu ni ule ule wa siku 30, CMA, kisha Mahakama ya Kazi. Idadi inahakikiwa, na fomu zenu safi ndizo zitakazojibu.

Baada ya hapo ndipo meza inapowekwa. Andaeni madai kutoka kwenye yale mazungumzo ya mmoja mmoja. Yote yamo kwenye kaunta buku. Sisi tulikuja na mambo 19, tukayapanga kwa namna watu walivyoyarudia, na gari la usiku likawa la kwanza, juu ya mshahara. Ofisa wa chama alitushangaa. Lakini hilo ndilo tulilolisikia mara nyingi kuliko yote, na ndilo tulilolipata mapema, na watu walipopanda gari lile wiki ya kwanza waliokuwa nje ya chama walianza kuulizia fomu.

Ombeni taarifa: uzalishaji, ngazi za mishahara, gharama za ovataimu. Kila kikao kiwe na muhtasari uliosainiwa na pande zote. Msiende mezani mtu mmoja, na asibaki mtu mmoja chumbani na meneja baada ya kikao, hata kama ni kwa soda.

Majadiliano yakikwama kwenye maslahi, mgomo upo kisheria, lakini una masharti: usuluhishi wa CMA kwa siku 30, kura ya wanachama yenye wengi, na notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Huduma muhimu kama maji, umeme, afya na zimamoto zina vizuizi vyake. Mgomo wa hasira uliofanyika asubuhi moja bila hatua hizo unamwondolea mtu kinga yote niliyoitaja. Kwetu hatukuufikia.

Mkataba wa hali bora uwe wa maandishi, usainiwe, na nakala iwasilishwe kwa Kamishna wa Kazi. Chama kikishatambuliwa kuwa msemaji pekee, mkataba unawahusu hata wasio wanachama. Hapo watu huuliza: kwa nini sisi tukatwe na wao wasikatwe? Sheria inaruhusu chama na mwajiri kukubaliana ada ya uwakala, ambayo asiye mwanachama hukatwa bila kulazimishwa kujiunga. Haizidi ada ya mwanachama, inawekwa kwenye akaunti yake, na inatumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo tu. Napendekeza mwanze kwa kuwashawishi kabla ya kufikia huko.

Baada ya saini

Pigeni nakala za mkataba kwa kila idara na muusome kwa sauti kwa kila zamu, usiku pia. Wekeni kikao cha tawi kila mwezi, hata kama hakuna mgogoro, na mhasibu asome mapato na matumizi mbele ya wote.

Na mlinde idadi. Chama kikipoteza wingi, mwajiri anakipa notisi ya miezi 3 kiurudishe, kisipoweza kinaondolewa utambuzi. Viwanda vya Dar vinabadilisha watu haraka. Mwaka mmoja tulipoteza wanachama 23 bila ugomvi wowote, wengine wamehama, wengine wameolewa mikoani. Kwa hiyo kila mwezi katibu alinganishe orodha ya makato na kaunta buku. Na kijana aliyeanza kazi Jumatatu, mtu wa idara yake amfuate kabla ya Ijumaa, amsalimie, amuulize anapandia gari wapi.